Celestine na Simu ya Kulia Mara Moja

Pale Ikonge kuna mwanamke anaitwa Celestine, na kama hujawahi kunywa chai kwake basi wewe ni mtu wa mbali sana, kwa sababu yule alikuwa hajui kumwambia mtu hapana. Ukienda kuomba chumvi unarudi na chumvi, na kitunguu, na ufagio. Ukimwomba akushikie mtoto kidogo, anakushikia mpaka na mbuzi. Mdomo wake ulikuwa na neno moja limekaa mbele tayari kama mbwa mlangoni: "Ee." Watu walimsifu kwa hiyo tabia. Bila shaka walimsifu! Hata wewe ungemsifu mtu ambaye boma lake halina lango na ng'ombe wako wanalala ndani.

Alizaliwa Masimba, kwa watu wa ndizi na maneno mengi. Shule alisoma, tena vizuri, akaenda Kisii mjini kusomea kompyuta, halafu akapata kazi kwenye duka la simu la baba yake Sabir. Hao ni Waislamu wa mjini, watu wa biashara tangu babu zao, na Sabir ni kijana wao wa mwisho, mwenye miwani na mdomo. Huko dukani ndiko Celestine na Sabir walianza kutengeneza programu, yaani yale maneno unaandikia kompyuta ndiyo ijue cha kufanya, kwa sababu peke yake ile kitu ni mjinga kuliko kuku.

Kisha akaolewa Ikonge na kijana wa Nyanchera. Kijana mwenyewe anaendesha magari Mombasa na huonekana Krismasi, amebeba mkate na ahadi. Kwa hiyo Celestine aliolewa na kijana lakini anaishi na Nyanchera, mama mkwe. Nyanchera hajawahi kusifu kitu. Ukimpa chai tamu anasema kikombe ni kidogo, ukimpa kikombe kikubwa anasema unataka kumwua na sukari.

Na Nyanchera alikuwa na la kusema, tusimwonee. Nyumba ya Celestine ilikuwa imejaa vitu vya nusu. Kulikuwa na sweta ya mkono mmoja. Nyuma ya jikoni kulikuwa na nyumba ya kuku yenye ukuta mzuri kabisa na hakuna paa, kuku wenyewe wanalala juu ya mti wa parachichi wakiitazama. Kila kitu kilianzwa vizuri, halafu katikati mtu akaja akaomba jambo lingine, na yule mbwa wa mlangoni akabweka: "Ee."

"Huyu mokamwana wangu," Nyanchera aliwaambia majirani, akimaanisha huyu mke wa mwanangu, na alisema huku Celestine amesimama hapo hapo na sinia, "siku ya kufa atakufa nusu. Nusu ingine itakuwa imeenda kusaidia mtu."

Sasa, maneno yenyewe ni ya majani chai. Mtu wa Ikonge anaamka anachuma, anajaza kikapu, anapeleka kituoni kungojea lori la kiwanda. Lakini lori halina saa. Leo linakuja mchana, kesho linakuja jioni, na ukichuma mapema majani yanakaa kwenye gunia yanapata joto, yanageuka mekundu. Karani anaingiza mkono, ananusa, anatingisha kichwa. "Mama, rudisha hii." Na mama anabeba gunia lake mgongoni mpaka nyumbani, anamwaga majani chini ya migomba. Migomba ya Nyanchera ilikuwa imenona kwa sababu hiyo. Mwezi huo alikuwa amerudishwa mpaka watu wa njiani wakaacha kumpa pole.

Celestine alimwona mama mkwe akimwaga gunia siku moja, bila kusema neno. Nyanchera bila neno! Hiyo ilimwogopesha kuliko matusi yote. Ndipo akili ikamjia, na ilikuwa akili nzuri, lazima tukubali. Lori kabla lifike Ikonge linapitia Kebirigo. Pale Kebirigo kando ya barabara anakaa Abner, fundi wa viatu, ambaye anaona kila kinachopita na hata kisichopita anakiona. Abner akiona lori, aflashi nyumbani kwa Celestine, yaani apige simu, ilie, akate kabla haijashikwa. Kompyuta ikipata hiyo flashi, nayo inaflashi watu wote wa kituo, mmoja mmoja. Simu yako ikilia mara moja ikanyamaza, unajua lori limetoka Kebirigo, unabeba kikapu. Huhitaji simu kubwa. Huhitaji kusoma. Huhitaji kuwa na pesa kwenye simu. Hata Nyanchera, ambaye hushika simu kana kwamba itamwuma, angeweza.

Sabir alipoambiwa alipiga meza. "Dada, hii ni noma! Na tusiifunge. Tuiweke wazi kwa mtandao, mtu yeyote duniani afungue, aone vile imeandikwa, achukue bure, na akitaka kusaidia asaidie."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote."

"Ee," akasema Celestine.

Hapo ndipo walifungua lango ambalo tayari halikuwepo.

Sabir mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kuharibu, na yeye ndiye alisoma zaidi. Alisema kitu kidogo namna hiyo watu wa mtandaoni watawacheka. Akataka iwe na rangi. Akataka kwa wenye simu kubwa kuwe na picha ya lori linalotembea, tena linapiga honi. Celestine akasema ee. Mtu mmoja wa Brazili, ambaye hajui Ikonge iko chini ya jua au juu yake, akaandika kwamba angependa iweze kutumika kwa kahawa. Celestine hajawahi kupanda kahawa. Akamwandikia ee.

Kisha ikaja kwa watu wa nyumbani. Emily wa kwaya, yule Msabato mwenye sauti inayopasua vikombe, akaja akakaa, akanywa chai, akamwaga machozi kidogo, akamwita Celestine kwa jina la mtoto wake. "Mama Dennis, waimbaji wangu hawakuji mazoezi. Si simu yako iwaite pia? Flashi mbili. Mbili tu, kwa ajili ya Bwana." Nani atakataa Bwana? Ee.

Siku iliyofuata akaja mume wa Emily, mzee Omosa. Huyu aliwahi kuwa msaidizi wa chifu, akastaafu, lakini hakuna mtu aliyemwambia. Ni mwenyekiti wa kamati ya barabara, ya maji, ya mazishi, na kama kungekuwa na kamati ya mvua angeketi mbele. Aliingia na fimbo, akachagua kiti kikubwa.

"Nasikia mna programu."

"Ee, mzee."

"Mwenyekiti wake ni nani?"

"Haina mwenyekiti, mzee. Ni ya kila mtu."

Omosa alicheka kwa huruma. "Mtoto wangu, hata mbuzi wakiwa wanne wanakuwa na mmoja wa mbele. Sasa mimi nimekubali."

Hakuna mtu alikuwa amemwomba. Lakini alikuwa amekubali, na ukimwambia mzee aliyekubali kwamba hakuombwa, utakuwa umemtukana mbele ya chai yake. Akatoa masharti ya mwenyekiti. Kukiwa na msiba, simu ziite mara tatu, watu waje kwake kupanga, maana kamati ya mazishi ni yake. Na asubuhi ziite mara nne.

"Nne ni ya nini, mzee?"

"Salamu za mwenyekiti."

Ee, akasema Celestine. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini ilisikika.

Basi programu ambayo ingekuwa imetoka zamani haikutoka. Kila ikikaribia, inaongezwa mguu. Watu wa kituo wakaanza kumwuliza njiani, "Ile simu yako imefika wapi?" na anajibu iko karibu. Nyumba ya kuku pia ilikuwa karibu. Nyanchera naye aliendelea kunonesha migomba, na akawa anapita na gunia lake tupu mbele ya dirisha la Celestine polepole, kama mtu anayepeleka jeneza.

Mwishowe Celestine na Sabir wakasema wajaribu na vyote vikiwa ndani. Wakatangaza kituoni: moja ni lori, mbili ni kwaya, tatu ni msiba, nne ni salamu. Watu wakarudia kwa midomo kama watoto wa chekechea. Na wewe ukisoma hapa unajua itaharibika, lakini wale wawili waliosoma hawakujua.

Siku ya kujaribu ilikuwa na wingu zito, na mtandao wa Ikonge ukiona wingu unaingia ndani kama kuku. Lori likapita Kebirigo mchana. Abner akaflashi. Kompyuta ikaanza kuita watu. Sasa, Sabir alikuwa ameiambia ile kompyuta kwamba simu isiposhika mtandao, ijaribu tena. Nayo ikawa inajaribu, haijui kama ile ya kwanza ilifika ama haikufika. Kwa hiyo huyu akapata flashi moja, jirani yake mbili, wa ng'ambo tatu, na wengine nne.

Waliopata mbili walienda kanisani na vikapu vya majani mgongoni, wakasimama uani wakiulizana ni wimbo gani. Waliopata nne walikaa chini wakasema mwenyekiti anatusalimia, na mmoja akaipungia simu mkono. Waliopata moja, hao ndio waliopata ukweli wenyewe, hawakuenda popote. Walikaa wameshika simu wakingoja. "Hii ni moja, ama ni mwanzo wa mbili?" Walingoja ya pili mpaka majani yakapata joto.

Na waliopata tatu walienda kwa Omosa.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Bitutu, mama mzima mwenye kifua cha kulia. Alijua flashi tatu ni kufa, na kufa ni kwa Omosa, na katikati ya njia akili yake ikaunganisha hizo mbili ikapata kwamba Omosa ndiye amekufa. Akaanza kulia kabla hajafika langoni. Walio nyuma wakasikia Bitutu analia jina la Omosa, wakashika. Emily alikuwa jikoni anapika matoke. Akasikia kilio kinaingia bomani kwake, na huku kwetu kilio kikiingia kwako hukiulizi kimetoka wapi, unaingia ndani yake kwanza. Emily akatupa mwiko, akatoka mikono juu ya kichwa, na ile sauti yake ya kwaya.

"Omosa wangu! Umeniacha na nani! Umeniacha na hizi kamati!"

Omosa mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba anaoga. Akasikia kilio, akajua kuna msiba, na kazi ya msiba ni yake. Akajifunga taulo, akatokea kwenye kona ya nyumba na povu kichwani, akauliza kwa sauti ya kamati:

"Nani amekufa?"

"Ni wewe!" akalia Bitutu, kisha akamwona vizuri. Alikimbia. Watu walikimbia wakakanyaga mboga zote za Emily. Emily peke yake hakukimbia. Alimtazama mume wake kutoka povu mpaka miguu, akafuta machozi na gauni, akasema, "Na ulikuwa wapi wakati wote nalia?"

Jioni hiyo wazee wakasema mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima achinje, watu wale, maneno yaishe hapo. Kama hiyo ni desturi ama ni tumbo lilikuwa linazungumza, nani atabishana na wazee wakishaona mbuzi? Omosa alichinja. Alikula nyama ya matanga yake mwenyewe, na haikumpendeza.

Na lori? Lori lilifika kituoni likapata karani na mbwa. Likageuka, likaenda.

Majani ya kituo kizima yalikuwa mekundu siku hiyo. Nyanchera alimwaga gunia lake mbele ya mlango wa Celestine, si chini ya migomba. Alilimwaga lote, akalikung'uta.

"Mama..." Celestine alianza.

"Mimi sijasema kitu," akasema Nyanchera. "Naanika tu."

Sabir alipiga simu kutoka mjini. Alikuwa na dawa tayari. "Dada, usijali. Tunaongeza sauti. Simu ikilia mtu anashika, kuna mtu anaongea anasema hii ni ya lori, hii ni ya msiba..."

Celestine alikuwa amekaa hapo mlangoni, miguu ndani ya majani ya mama mkwe. Kwa mara ya kwanza lile neno halikutoka mbio. Alimwambia Sabir atampigia.

Kesho yake ilikuwa siku ya egesangio, kile kikundi cha wanawake cha kulima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka kila mtu amelimiwa. Celestine angeweza kujificha, na mwingine angejificha. Alienda. Walikuwa kwa Bitutu, wamejipanga kwenye mahindi na majembe, na walipomwona tu:

"Mama Dennis! Leo unaflashi ngapi?"

"Tulieni, msikimbie, akiinua jembe mara tatu ndio mlie."

"Mimi nilipata nne. Mwenyekiti alinisalimu mpaka nikasikia haya."

Walicheka wakashika viuno. Celestine aliinama akapalilia. Uso wake ulikuwa unawaka, lakini mkono haukusimama.

Kando yake alikuwa Lavender, msichana aliyeolewa juzi juzi, bado ana haraka ya kusifiwa. Shamba la Lavender linapakana na la Bitutu. Lavender akafika mwisho wa mstari, akaona magugu yake mwenyewe yanamkodolea macho ng'ambo ya mpaka, akavuka akaanza kuyang'oa. Ni machache tu, na si yuko hapo hapo? Mwanamke wa pili akamwona akavuka naye, akaanza kwenye lake. Bitutu, yule yule wa kukimbia taulo la Omosa, akasimama akaegemea jembe.

"Wewe! Shamba la nani leo?"

"La kwako, mama, lakini nilikuwa..."

"Nilikuuliza ya lakini? Shamba la nani leo?"

"La kwako."

"Basi rudi huku. Zamu yako ikija tutafika kwako sote, na hakuna mtu atavuka kuja kwangu. Ukianza kuvuka vuka hivyo, jioni tutakuwa tumelima mashamba yote na hakuna shamba limelimwa."

Lavender akarudi amekunja mdomo. Hakufukuzwa. Hakutukanwa, au si sana. Zamu yake ilibaki pale pale. Celestine alikuwa amesikia maneno hayo tangu aolewe, kila msimu, hata yeye ameyasema, lakini siku hiyo alisimama na jembe hewani mpaka mwanamke wa nyuma akamwambia, "Flashi hiyo jembe ishuke."

Alirudi nyumbani, akanawa matope, akafungua kompyuta. Akatoa salamu za mwenyekiti. Akatoa msiba. Akatoa kwaya, na hapo aliinua kidole kwanza kwa sababu ya Bwana, lakini akakumbuka kwamba Bwana hajalalamika, aliyelalamika ni Emily. Akatoa picha ya lori na honi yake. Ile ya kujaribu tena na tena nayo akaikata shingo. Simu itaita mara moja. Na hata ikiita mara sita, bado ni lori. Hakuna kitu kingine ndani cha kumaanisha.

Sabir alipoona aliwaka. "Dada, umetoa kazi yangu ya wiki nzima! Watu watatucheka!"

"Wananicheka tayari," Celestine akasema. "Shamba la nani leo, Sabir?"

"Shamba gani sasa?"

"Leo ni shamba la lori. Likiisha, likitoka, watu wakalitumia, tutakuja kwako na rangi zako zote. Hutapoteza zamu. Lakini ukivuka leo, nakutoa tena."

Sabir alikasirika mpaka jioni. Kisha akaandika kwamba sawa, lakini hakusema pole, na Celestine hakumpa pole pia.

Mtu wa Brazili ndiye alikuwa rahisi. Walimwandikia kwamba programu iko wazi, achukue mbegu akapande kahawa yake huko kwake. Akafurahi, akaichukua. Watu wa mbali wana heshima.

Emily alikuja akanywa chai. Celestine hakumwambia hapana, bado hilo neno lilikuwa linamkwama. Alimwambia, "Dada, Abner akiugua tunahitaji mtu wa kukaa Kebirigo kuangalia lori. Mvua ama jua. Ukae zamu moja, halafu tuongee ya kwaya." Emily akakumbuka alikuwa ameacha sufuria motoni.

Omosa alikuja na fimbo. Alikuwa na masharti mapya: msiba urudi, lakini jina lake lisitajwe, na kabla ya kuita watu simu imwite yeye kwanza athibitishe kwamba hajafa. Celestine akamwambia lile la Kebirigo. Omosa akavimba.

"Mwenyekiti akae barabarani na fundi wa viatu?"

"Mwenyekiti si ndiye mbele, mzee? Na ukitaka yako mwenyewe, iko wazi pale kwa mtandao. Ichukue yote. Weka misiba, weka salamu hata ishirini. Hakuna mtu atakuzuia."

"Nani ataniandikia?"

"Kamati," akasema Celestine, akamwongezea chai.

Omosa alikunywa hiyo chai na hakupata pa kukasirikia. Akasema atalifikiria. Mpaka leo analifikiria.

Sasa mtu angedhani mambo yameisha. Hapana. Siku moja kabla ya ile programu kutoka, watu wamekwisha tangaziwa, Abner amekwisha weka chaji kwenye simu, Nyanchera akaingia jikoni kwa Celestine. Yeye haingiagi humo. Alikaa kwenye kiti kidogo, akaomba maji, akasema maji ni baridi.

"Mokamwana."

"Ee, mama."

"Hiyo simu yenu. Kesho itaita watu mmoja mmoja?"

"Ee, mmoja baada ya mwingine. Kompyuta inachagua yenyewe nani kwanza, kila siku tofauti."

"Mimi niitwe kwanza. Kila siku."

Celestine alishusha mwiko.

"Hii ni boma yangu," Nyanchera akasema. "Hiyo kompyuta inakaa kwa nyumba ya mwanangu. Inatumia stima ya mwanangu. Mguu wangu ni mbaya, na nimemwaga majani kuliko wote. Siombi kwaya. Siombi salamu. Kitu kidogo tu, mama wa watu awe mbele."

Na hiyo ilikuwa kweli yote, kila neno. Ndiyo ubaya wake. Lilikuwa jambo dogo, Celestine angelifanya kabla ugali haujaiva. Lakini akilini aliona Bitutu akisikia, na Bitutu ana mguu mbaya pia, na moyo wake ndio mbaya zaidi. Aliona Lavender na mimba yake. Kila mtu Ikonge ana sababu ya kuwa mbele, na wangekuja na sababu zao na kukaa kwenye kile kiti kidogo, na kesho isingetoka kitu. Alimtazama mama mkwe. Mke wa mtu hamkatalii mama mkwe jikoni, si huku kwetu. Kwa jambo kama hilo watu wamerudishwa kwao Masimba na sanduku kichwani.

"Yaya, mama," akasema. Alisema kwa lugha ya nyumbani, hapana yenyewe, isiyo na mapambo. "Sitaweka."

Kuku mmoja aliacha kuparura. Nyanchera aliweka kikombe chini.

"Umesema nini?"

"Nimesema sitaweka. Utaitwa pamoja na watu wengine. Kama hutaki, nitatoa namba yako."

Nyanchera aliinuka. Alitoka bila fimbo yake, akaisahau, akarudi kuichukua bila kumtazama mtu. Jioni hakuja kula. Celestine alimpelekea chakula, akaacha mlangoni, akasikia kutoka ndani: "Mpelekee kompyuta." Sahani ilirudi ikiwa imesafishwa, lakini hilo halikuzungumzwa.

Asubuhi Celestine aliamka akachuma chai. Kama simu isingelia, alikuwa amemkosea mama mkwe bure, na hakuna kurudi nyuma. Jua likapanda. Akaenda akakaa karibu na kompyuta, akatoka, akaingia. Sabir alipiga kuuliza, akamwambia asiweke simu busy. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya nyumba zao na vikapu vimejaa, wamefunika na nguo yenye maji, wametazama simu kama watu wanaomlinda mwizi.

Abner akaflashi.

Kompyuta ikaanza. Kule ng'ambo simu ikalia, ikanyamaza. Halafu kwa Bitutu. Halafu ng'ambo tena. Mtu mmoja mtandao ukamletea mbili, akapiga kelele kwa jirani, "Nimepata mbili!" na jirani akamjibu, "Si ni lori! Beba kikapu, wewe, kuna kingine gani?" Na njia yote ya Ikonge ikajaa vikapu vinavyotembea, hakuna anayelia, hakuna anayeimba. Emily alipita. Hata Omosa alipita nyuma yake, amebeba gunia, anatazama kando.

Celestine alibeba lake akakimbia. Alipita mlango wa mama mkwe, umefungwa. Pengine simu haikumfikia. Pengine ilimfikia akaikataa.

Alipofika kituoni lori lilikuwa linaingia, na mbele kabisa ya mstari, mbele ya mizani, ameketi juu ya gunia lake na mguu mbaya umenyooshwa ili mtu yeyote asimpite, alikuwa Nyanchera. Hakuwa ameitwa wa kwanza. Aliitwa karibu na mwisho. Lakini yeye alikuwa ameanza kutembea tangu asubuhi, simu mkononi, gunia limefunikwa na nguo yenye maji, akipumzika kila kivuli, ili popote itakapomkuta awe karibu.

Karani akaingiza mkono kwenye gunia lake. Akanusa. Akatingisha kichwa, lakini kwa njia ile ingine. "Mama, haya ni mabichi kabisa. Lete."

Nyanchera hakumtazama Celestine. Aligeukia mstari wote, akapandisha sauti ili Bitutu asikie vizuri.

"Mliniona? Huyu mokamwana wangu alikuja kunibembeleza jana jikoni. Mama, tukuweke wa kwanza, mama, wewe ndiye mwenye boma. Nikamwambia yaya! Kila mtu na zamu yake. Sikubali mambo ya kupendelewa."

Wanawake wakamtazama Celestine. Celestine alikuwa amefungua mdomo, na ndani yake maneno yalikuwa mengi, tena mazuri. Akayaangalia yote.

"Ee," akasema. "Alikataa kabisa."